Alama ya Mwenye Sufuria

Siku hiyo tulikuwa tunapiga alama magunia. Baba alikoroga masizi na utomvu wa mgomba kwenye kopo, na kaka yangu Haruna alishika kijiti kilichofungwa kitambaa nchani, akichora gunia baada ya gunia: duara, na chini yake miguu mitatu, kama kigoda. Hiyo ndiyo ilikuwa alama ya nyumba yetu. Kijijini kwetu, kaskazini ya mto Kagera, kila nyumba ilikuwa na yake, ili kahawa ya huyu isichanganyike na ya yule kwenye chama cha ushirika. Utomvu wa mgomba ukiingia kwenye gunia hautoki hata ulifue vipi.

"Mguu wa katikati umeurefusha tena," baba alimkaripia. "Miguu yote sawa. Kigoda gani hicho, kitasimama?"

"Kinasimama, baba. Kimekanyaga shimo."

Baba akajizuia kucheka, akashindwa.

Mchana mama alipika ndizi na maharage. Haruna ndiye aliyepakua, kama kawaida yake: baba kwanza, kisha majirani waliokuja kusaidia, kisha mama, kisha mimi. Mimi nilikuwa nimeanza shule mwaka ule, na tayari nilikuwa nasoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye magunia, jambo ambalo watoto wakubwa kuliko mimi hawakuliweza. Haruna alikula mwisho, ameinamia sufuria, anakwangua ukoko. Mama alimwambia kwamba atatafutiwa mke asiyejua kupika, maana yeye chakula hakihitaji, anahitaji sufuria tu.

Naisimulia siku hiyo kwa sababu ndiyo ya mwisho ninayoikumbuka nzima.

Haukupita muda tukasikia milio upande wa mpakani. Baba alisema ni radi. Mama alisema radi haina haraka namna hiyo.

Kisha watu walianza kupita barabarani, wengine kwa miguu, wengine wakisukuma baiskeli zenye magodoro. Waliotoka vijiji vya mpakani hawakujibu maswali. Walitutazama tu kama watu waliochelewa.

Tukaondoka na kile kila mmoja alichokuwa nacho mkononi. Mama alikuwa na mchi. Mpaka leo hajui kwa nini alibeba mchi akaacha kinu.

Darajani watu na ng'ombe walikuwa kitu kimoja. Hakuna aliyekimbia. Nafasi ya kukimbia haikuwepo.

Ndege ikapita.

Tukalala chini. Ng'ombe hawakulala. Walipigwa wao, pamoja na jirani yetu aliyekuwa anawaswaga.

Haruna alinibeba mgongoni mpaka upande wa pili. Sikuona daraja likivunjika, nililisikia.

Tulipewa hifadhi kwenye shule moja huko kusini, familia kadhaa darasa moja. Vijana walikuwa wanajiandikisha mgambo kwenda kuukomboa upande wetu. Baba alimkataza Haruna. Mtoto wa kwanza haendi, alisema, maana atakayeijenga upya nyumba ni nani? Asubuhi moja tukaamka Haruna hayupo. Baba alikwenda kuuliza kwa waandikishaji. Jina la Haruna bin Twaha hawakulijua.

Baba alikufa kwa homa palepale shuleni, kabla vita havijakwisha. Vita vilipokwisha, malori yalipita yakiwa yamejaa askari wanaoimba, na mama alisimama kando ya barabara kila siku. Haruna hakurudi. Wala haikuja taarifa kwamba hatarudi. Wazee wakashauri asomewe hitima, mama akakataa.

"Nani alimwona?" aliuliza. "Nileteeni mtu aliyemwona."

Hakuna aliyeletwa. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu ikawa marufuku kukwangua sufuria. Ukoko uliachwa chini, ukakauka, ukaroweshwa kesho yake na kumwagwa. Wageni walidhani ni uchoyo au uvivu. Sisi tulijua ni wa nani.

*

Mimi nilisoma. Nasema hivyo bila aibu, kwa sababu hakuna aliyenibeba. Niliuza mafuta ya taa, nikauza mitumba, nikajilipia nauli ya ndege na ada, nikakaa Guangzhou mpaka nikapata stashahada ya ufundi wa nguo, masomo yote kwa Kichina. Mwishoni mwa miaka ya tisini, wafanyabiashara wengi kutoka nyumbani walikuja kule wakiwa na kikokotoo tu cha kuonyeshana bei na wenye maduka. Mimi nilikuwa naingia dukani, naamkia kwa lugha yao, nauliza uzi umesokotwa vipi, na bosi anaagiza kiti. Wenzangu waliniita Nshomile, neno la Kihaya, yaani nimesoma. Kwao ulikuwa utani. Mimi niliitika.

Tulikuwa wachache na tulijuana wote. Ijumaa baada ya sala tulikusanyika chumbani kwa Bi Zuhura, mama wa Kizanzibari aliyenunua vitambaa vya mapazia na kutupikia wote pilau. Mkubwa wetu alikuwa Mzee Chande wa Tandika, aliyekuja kununua mikoba kule Shiling, mji wa viwanda vya mikoba kando ya Guangzhou. Huyo alikuwa askari zamani, tukimwita Afande. Alipigana vita vyetu vya Kagera mwanzo hadi mwisho, akarudi na sikio moja. La kushoto lilikuwepo ila halikusikia kitu. Ukitaka kuzungumza naye ulizunguka upande wa kulia, hata kama ni kumpita mtu kwenye sahani yake.

Mzee Chande alikuwa na desturi. Kila mwaka, majira yale ambayo Guangzhou kuta hutoka jasho na nguo hazikauki, alinunua mbuzi mzima, akampa Bi Zuhura, akatuita kwa dua ya wenzake waliokufa vitani. Aliwataja kwa kichwa, mmoja mmoja, jina na jina la baba, wala hakuwahi kupotea. Baada ya jina la mwisho aliongeza:

"Na mwenye sufuria."

"Amin," tukaitika, tukanawa mikono.

Mwaka wa kwanza nilidhani nimesikia vibaya. Mwaka wa pili alisema vilevile. Mimi ni mtu wa kutaka kujua. Bila hivyo nisingefika nilikofika. Nikazunguka upande wa kulia.

"Mzee, mwenye sufuria ni nani?"

"Kula pilau, Nshomile."

"Hana jina?"

"Analo. Silijui."

"Mtu umepigana naye, hujui jina lake?"

Bi Zuhura alinigonga begani kwa mwiko. "Hiyo stashahada yako haikukufundisha kunyamaza mtu akila? Sogea, unamzibia nyama."

Nikasogea. Lakini swali nililibeba. Wenzake wote wana majina na majina ya baba zao. Huyu mmoja ana chombo cha jikoni. Niliwauliza waliokaa naye muda mrefu, hawakujua. Walikuwa wameitikia amin miaka yote bila kuuliza.

*

Utaratibu wetu wa kusafirisha ulikuwa huu. Hakuna aliyekuwa na mzigo wa kujaza kontena peke yake, hivyo tulichanga kontena moja watu kadhaa. Kila mtu alichora alama yake kwenye marobota yake, na Dar es Salaam wakala aliyatenganisha kwa alama hizo. Jina halikuandikwa, bandarini kina Hamisi na kina Juma ni wengi mno. Alama ndiyo ilikuwa mtu.

Alama yangu ilikuwa herufi za stashahada yangu, kubwa, kwa rangi nyekundu. Mwaka ule wakala alinipigia simu kwamba kuna mtu mwingine anatumia herufi zinazofanana, nibadilishe. Nilipomweleza mama kwa simu, alisema, "Baba yako alikuwa na alama. Kwani imekufa?" Nikaona ana haki. Nikaenda kwenye ghala letu, pale Kangle, kwenye vichochoro vya cherehani nyuma ya masoko ya vitambaa, nikachora duara na miguu mitatu kwenye marobota yangu yote. Miguu sawasawa, kama alivyotaka baba.

Kesho yake mwenye ghala aliniita. Alikuwa mama wa makamo tuliyemwita Laoban, yaani bosi, kama tulivyowaita wenye mali wote kule. Alikuwa amekasirika. Alisema mzigo haupakiwi. Marobota yamechanganyika, alama moja, watu wawili.

"Watu wawili gani? Hii ni alama yangu," nilimwambia kwa Kichina.

"Na ya yule," alijibu, akaelekeza kidevu upande wa ndani.

Ndani walikuwa Mzee Chande na Bi Zuhura, wanahesabu mikoba. Nyuma yao kulikuwa na ukuta wa marobota, na kila robota lilikuwa na duara na miguu mitatu. Mimi na Mzee hatukuwahi kuchanga kontena moja, na alama zake sikuwahi kuzitazama.

Damu ilinipanda. Kule alama ya mtu haichezewi; ukiiga alama ya mwenzako unataka mali yake. Nikazunguka upande wa kulia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, bwana mdogo."

"Mzee, umeiba alama yangu."

"Nshomile!" Bi Zuhura aliacha mkoba ukadondoka. "Wewe mtu unamwamkia halafu unamwita mwizi? Ndiyo mnavyofundishwa huko?"

Mzee Chande hakukasirika. Alinitazama, akageuza vizuri sikio lake zima.

"Sema tena."

"Nasema alama hii ni ya wizi. Ni ya baba yangu. Ilikuwa kwenye magunia ya kahawa kabla hujaijua Guangzhou iko wapi."

"Magunia hayo mliyachora kwa kitu gani?"

"Masizi na utomvu wa mgomba. Inahusu nini?"

"Kwenu upande gani wa mto?"

"Kaskazini."

Akaketi juu ya robota. Aliketi taratibu, kama mtu anayeweka chini mzigo ambao hajui kama utasimama. Hapo ndipo nilipoiona vizuri ile alama nyuma ya bega lake. Mguu wa katikati ulikuwa mrefu kuliko mingine.

Duniani kulikuwa na mkono mmoja tu uliochora hivyo.

"Miaka yote hii," alisema Mzee Chande, "nilikuwa nasubiri mtu aniite mwizi."

*

Alitusimulia palepale, Bi Zuhura akiwa amekaa chini juu ya makasha ya karatasi.

Walikuwa wamevuka mpaka kwa miguu, wanaelekea Masaka. Kikosi chao kiliongezewa mgambo, na mmoja alikuwa kijana aliyejiita Juma Omari. Huyo alijichagulia kazi ya kubeba sufuria. Aliifunga mgongoni juu ya mzigo wake, na kwa nyuma alionekana kama kobe mwenye mabuti ya mpira. Vikosi vingine vilikuwa vinaiba sufuria, kwa hiyo alikwaruza alama kwa msumari kwenye kitako cha sufuria. Aliwaambia ni alama ya baba yake, na kwamba kwao ukiiona hiyo unajua kuna mtu wa nyumbani.

"Tulimcheka," Mzee alisema. "Tukamwambia sisi sote ni wa nyumbani, lete ugali."

Siku moja walipumzika kwenye shamba la migomba. Maharage yalikuwa yamepatikana baada ya kukosekana muda mrefu.

Alipakua.

Mizinga ilianza, lakini ilikuwa mbali. Waliendelea kula.

Kombora la pili lilitua karibu kidogo.

Sahani ya mwisho alimpa Mzee Chande. Kisha aliinamia sufuria.

"La tatu sikulisikia," alisema. Akagusa sikio lake la kushoto. "Nilipoinuka, sufuria ilikuwa imebonyea ubavuni tu. Yeye alikuwa ameilalia."

Walimzika hapohapo, chini ya mgomba, wakaendelea na safari. Mzee aliibeba sufuria mpaka Kampala, akarudi nayo. Vita vilipokwisha alikwenda Bukoba kumtafuta baba yake Juma Omari. Alizunguka na sufuria imegeuzwa chini juu, akiwaonyesha watu kitako chake. Juma Omari wa namna hiyo hakuwepo kijiji chochote. Wenyeji wa kaskazini ya mto walikuwa wametawanyika, na walioulizwa hawakuijua alama.

Ndipo akaelewa kwamba jina lilikuwa la uongo. Tangu hapo hakulitaja tena kwenye dua.

"Nikaanza biashara. Nikasema, siwezi kuzunguka na sufuria maisha yangu yote, lakini marobota yanazunguka yenyewe. Yanapita bandarini, yanapanda malori, yanafika mpaka huko kwenu. Nikaichora kama alivyoichora yeye. Kuna siku mwenyewe ataiona, atapiga kelele."

Akanitazama.

"Umechelewa, mwanangu. Lakini kelele umepiga."

Laoban alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Aliniuliza kuna nini, nikamtafsiria. Aliuliza vita vya mwaka gani. Nilipomjibu, alitoka, akarudi na picha ndogo ambayo tuliiona kila siku mezani kwake karibu na ubani, kijana amevaa kofia ya jeshi. Mdogo wake. Alikufa mwaka huohuo, kwenye mpaka wao wa kusini, vita vingine kabisa. Nilikuwa mteja wake kwa muda mrefu, mimi mtaka kujua yote, na sikuwahi kumuuliza ile picha ni ya nani.

Mzee Chande aliinuka, akajiweka sawa, akaipigia picha ile saluti.

Mzigo ulipakiwa siku hiyo, wote kwa alama moja. 

*

Lakini kulikuwa bado na mama. Nilikuwa na mtu aliyemwona, kama alivyotaka. Nisingeweza kujua kama angemwamini. Miaka yote hiyo walikuwa wamemjia watu wa kila aina, waganga na matapeli, kila mmoja alimwona Haruna mahali.

Kwetu simu ilikuwa dukani kwa jirani. Nilipiga toka kibanda cha simu, nikaomba aitwe, nikakata, nikangoja, nikapiga tena.

"Mama, hapa kuna mtu aliyekuwa na Haruna."

"Yuko hai?"

"Huyu mtu?"

"Haruna."

"Hapana, mama."

Nikasikia anavuta pumzi. "Mpe simu huyo mtu."

Mzee Chande alishika simu kwa sikio la kulia, amesimama wima kama yuko mbele ya mkubwa wake. Kwa kuwa hasikii vizuri, alikuwa anarudia kila alichoulizwa, hivyo nilisikia pande zote mbili. Alimweleza njia, shamba la migomba, kaburi. Mama hakuuliza lolote kuhusu hayo. Alimwacha amalize.

"Kama alikuwa amekula?" Mzee alirudia.

Akaniangalia. Nilimwonyesha kwa kichwa: sema ndiyo. Mama ni mzee, yuko mbali, ndiyo moja ingemtosha.

Mzee Chande aligeuza uso, akatazama barabara.

"Hapana, mama. Alitupakulia sisi wote. Mimi ndiye niliyepewa sahani ya mwisho. Yeye alikuwa bado. Alikuwa anakwangua."

 Mwenye kibanda alitazama saa yake ya kuhesabia malipo, kisha akatazama pembeni.

"Ndiye huyo," Mzee alirudia taratibu. "Anasema, ndiye huyo."

Ijumaa iliyofuata alinunua mbuzi mwingine, ingawa majira ya dua yalikuwa yamepita. Aliwataja wenzake wote. Kisha akaongeza, kama siku zote.

"Na Haruna bin Twaha," alisema, "mwenye sufuria."

*

Nimerudi nyumbani na nimefanikiwa. Anayepita barabara ya kwetu ataiona nyumba yangu bila kuelekezwa. Lakini siku ninayoikumbuka kuliko ya kuhamia nyumba hiyo ni ile Mzee Chande alipokuja toka Dar es Salaam na sufuria ndani ya gunia. Mama aliipokea, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye mikwaruzo.

"Mguu wa katikati," alisema. "Baba yake alimkaripia mpaka akachoka."

Hakuiweka kabatini. Aliisugua kwa majivu, akapika ndizi na maharage ya hitima, na sufuria ile ilikaa upande kidogo juu ya mafiga kwa sababu ya ule ubavu uliobonyea. Tulisomewa, tukala, mimi na Mzee na majirani. Mzee alipakuliwa wa kwanza. Nilimwona anakiangalia chakula kwa muda kabla ya kukigusa.

Kaka yangu ana kaburi ambalo hakuna kati yetu anayeweza kulionyesha. Migomba hukatwa na kuota upya. Shamba lile halijulikani tena ni lipi. Baba hakujua mwanawe aliishia wapi. Hayo hayarekebishiki, na sijui elimu yoyote inayoyarekebisha.

Watu walipotoka, mama alinisogezea sufuria na mwiko.

"Haya, uliyesoma. Kwangua."

Nikamtazama.

"Kwangua," alisema. "Hatumbakizii mtu tena."

Nikakwangua mpaka chini.